Mkono wa kulia wa sweta la kijani

Swali lenu la wiki hii, "Ni kitu gani ulikianza kwa mikono yako na hakijaisha mpaka leo, na kimekwama wapi?", lilisomwa kwa sauti nyumbani kwangu hapa Majengo, Moshi. Msomaji alikuwa mke wangu. Alipofika kwenye "kimekwama wapi" alinitazama juu ya miwani, akaliweka jarida mezani, akarudi kuchambua mchele wake. Hakuongeza neno. Basi najibu.

Ni sweta. La kijani kibichi, la kiume, shingo ya mviringo. Nililianza Juni 2021 na limekwama kwenye mkono wa kulia.

Kabla ya kufika kwenye huo mkono, najua kuna msomaji ameshajiuliza mwanamume wa miaka hamsini na ushee anatafuta nini kwenye sindano za kufumia. Nina duka la spea za baiskeli na pikipiki. Mwaka 2014 nilikuwa najaribu pikipiki ya mteja, ikaniangusha, nikalazwa wodi ya mifupa wiki sita mguu ukiwa umening'inizwa na uzito. Kitanda cha pili kilikuwa na kijana wa Rombo. Bibi yake alikuja kila siku saa za kuona wagonjwa, na akishamlisha mjukuu mtori wake anakaa, anatoa uzi, anafuma. Siku ya nne akaniambia, "Baba, ulivyoikazia macho dari hiyo utaitoboa. Hebu shika." Akanipa spoki mbili za baiskeli zilizosuguliwa ncha na donge la uzi mwekundu. Spoki nimeuza maisha yangu yote. Sikuwahi kujua zina kazi nyingine.

Nilitoka wodini na skafu ya mita mbili iliyokuwa inapanuka kadiri inavyokwenda. Nilianza na vitanzi 30, nikafunga na 47. Yule bibi alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha akanionyesha kosa. Mwanzoni mwa mstari nilikuwa nauvuta uzi kupita juu ya sindano, kwa hiyo kitanzi cha kwanza kilijigawa kikaonekana viwili, nami nikavifuma vyote viwili kwa uaminifu. Dawa yake ni kuhakikisha uzi unaning'inia chini ya sindano kabla hujaanza mstari. Sekunde moja tu, na skafu ingenyooka. Ninayo hadi leo, siifumui.

Sasa uzi. Uzi mpya wa sufu halisi hapa mjini ni wa kubahatisha, na ukiupata bei yake inakufanya ufume kwa woga. Uzi wangu natoa soko la Memorial, kwenye mitumba. Masweta ya Ulaya yanakuja pale makubwa, mazito, watu wanayapita kwa sababu Moshi ya Februari haimruhusu mtu kuyawaza. Mimi nanunua sweta ili nilifumue.

Kuna namna ya kuchagua. Geuza sweta ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukikuta kingo zimekatwa na kuzungushiwa ovaloki, liache hapo hapo hata likiwa zuri vipi. Hilo lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kikubwa, na ukilifumua kila mstari utakupa kipande cha uzi cha upana wa kifua, basi. Ukikuta kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, lichukue. Vile vipande vilifumwa kwa umbo lake, na uzi unakuja mrefu kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mnyororo wenyewe ukiukata mahali panapostahili unafunguka kwa kuvuta, kama ule wa mdomo wa mfuko wa sukari. Ukikata upande usio wenyewe, utakaa na mkasi mpaka usiku wa manane.

Halafu moto. Mama ninayenunua kwake ameshanizoea, ananiruhusu kuchomoa kauzi ka ndani na kukawasha pembeni. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajizima yenyewe, na masalia yake yanasagika kwa vidole. Pamba inanuka karatasi, inaacha majivu laini. Akriliki, yaani uzi wa plastiki, inayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Wateja wengine wanadhani namfanyia yule mama uganga.

Uzi wa kijani nilioupata kwa njia hiyo ulikuwa sufu tupu, kutoka kwenye sweta moja kubwa ambalo nadhani lilivaliwa na mtu wa futi sita na nusu. Shilingi 4,000. Uzi ukishafumuliwa unatoka na mawimbi, kama nywele za msichana aliyefumua twende kilioni, na ukiufuma hivyo hivyo kazi inatoka na vipele. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine usije ukachanganyikana, unaulowesha maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha unautundika na chupa ya maji chini yake kama uzito. Ukikauka, umenyooka.

Mgongo, kifua na mkono wa kushoto vilikwenda bila neno. Nilikuwa nimefuma kipande cha kupimia kwanza, nikapata vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, na hesabu zote nikazijenga hapo. Pale mkono unapokuwa mnene kuliko pote nilihitaji vitanzi 66, yaani sentimita 30.

Mkono wa kulia niliufuma nikitazama Simba na Yanga.

Sitasema mimi ni wa upande gani. Nitasema tu kwamba mtu akiwa na wasiwasi huuvuta uzi bila kujijua, na mechi ile ilikuwa ya wasiwasi tangu mpira wa kwanza. Nilipopima nikakuta vitanzi 25 ndani ya sentimita 10. Vitanzi 66 vile vile, lakini sasa ni sentimita 26 na kidogo. Mkono wa kushoto wa baba, wa kulia wa mtoto wa darasa la saba.

Hapo nilitakiwa kufumua. Kiswahili chenyewe kilishaniwekea dawa mdomoni: kama funga ilivyo na fungua, na ziba na zibua, ndivyo fuma ilivyo na fumua. Ni mzizi mmoja, umeongezewa kisilabi tu. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi ule mkono niliuonea huruma. Nikauloweka, nikaunyoosha juu ya godoro, nikaubana kwa pini pande zote mpaka ukafika sentimita 29. Ulipokauka ulikaa vizuri sana. Nikaunganisha sweta, nikalivaa kanisani, nikapongezwa na watu wawili.

Sufu ikinyooshwa ikiwa mbichi hukubali umbo unalolipa, lakini inakubali mpaka kufuliwa tu. Jumatatu likafuliwa. Jumatano likaanuliwa, na mkono umerudi zake sentimita 26, kama mtu aliyekwenda kutembea akarejea nyumbani. Nikauchomoa begani, nikaufumua wote.

Wa pili niliufuma 2022, redio imezimwa, kila mistari kumi napima. Ulikuwa sawa kabisa. Kosa likawa moja: niliuweka kwenye kikapu chini ya kitanda bila kuufua kwanza, nikisubiri baridi ya Juni ndipo niuunganishe. Sweta lenyewe lilikuwa sandukuni ndani ya mfuko uliofungwa, salama. Juni 2023 nikavuta kikapu, nikainua mkono, nikaona mwanga wa dirisha ukipita kwenye matundu. Nondo. Si zile za ujenzi, nasema wale vipepeo wadogo wa rangi ya vumbi. Wenyewe hawali kitu, wanaokula ni viwavi vyao, na chakula chao ni sufu, hasa yenye jasho la mikono. Kilichonishangaza ni kwamba ndani ya kikapu hicho hicho kulikuwa na blanketi la mtoto la akriliki, na hawakuligusa hata kitanzi kimoja. Wadudu hawa hawahitaji kiberiti kujua sufu ni ipi.

Niliufunga ule mkono kwenye mfuko, nikauweka kwenye friza wiki mbili chini ya samaki ili mayai yaliyobaki yafe. Kuhusu siku ambayo wageni walitumwa kutoa samaki, sitaandika.

Baada ya hapo niliukimbia. Ndiyo jibu la kweli la "kimekwama wapi": nilikwenda kufuma vitu vya watu wengine ili nisiutazame ule mkono. Kofia hasa. Mpwa wangu ni mgumu, ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyojiita, na alinifuata dukani akasema, "Mjomba, wenzangu wananunua mzula, mimi nina mjomba anayefuma." Nikamfumia haraka ya uzi wa pamba, maana ndio uliokuwepo. Aliporudi kutoka mlimani aliiweka juu ya kaunta bila kusalimia. Mvua ya msituni, siku ya kwanza, ililowesha kofia, na pamba ikishanyonya maji haiachii. Alikwenda nayo mbichi mpaka usiku wa kuelekea kileleni, mita 5,895, akaazima kitambaa cha mwenzake kujifunga kichwa. Nilistahili ile salamu niliyonyimwa.

Ya pili ikawa ya sufu, mara mbili masikioni. Sufu hata ikilowa kidogo inaendelea kushika joto. Hiyo ilipanda na kushuka mara tatu bila lawama, mpaka mtu mwenye nia njema kwake alipoichemsha na sabuni ya unga na kuifikicha kama soksi za shule. Unyoya wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto, sabuni na kufikicha huyafanya yashikane, na yakishashikana hakuna tena kufumua. Kofia ikatoka ndogo na nene kama kipande cha zulia. Sasa anaivaa mtoto wake mchanga, na kusema kweli ni kofia ya joto kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Upepo haupiti.

Ya tatu nimemfumia na masharti: maji ya baridi, kukamua kwa taulo, kuanika kwa kulaza. Aliyasikiliza masharti yote huku anachezea simu.

Kwenye kofia hizo ndiko nilikojifunza kitu ninachokiita breki, kwa sababu mimi ni mtu wa spea. Kila mistari ishirini unachukua uzi wa pamba wa rangi tofauti, unaupitisha kwa sindano ya mkono ndani ya vitanzi vyote vya mstari ule, unauacha humo. Ukiharibu huko juu, unachomoa sindano bila hofu na kufumua. Kazi itakwenda mpaka kwenye ule uzi na itasimama yenyewe, kila kitanzi kikikungoja mahali pake. Kabla ya breki nilikuwa nikifumua mistari mitatu ili kurekebisha mmoja, kisha napoteza vitanzi vinne katika kuokota. Na kitanzi kimoja kikidondoka bila wewe kuona, kinashuka mstari kwa mstari na kuacha ngazi. Hicho hakihitaji kufumua. Sindano ya mke wangu ya kufumia vitambaa vya makochi, yenye ndoano, inakipandisha ngazi hiyo hiyo kidato kwa kidato. Ni lazima kuiomba, lakini. Kuichukua kimya kimya niliwahi, mara moja.

Wateja wana maneno, bila shaka. "Mangi, kwani mama yuko wapi mpaka ufume wewe?" Namhudumia mtu tairi yake, namrudishia chenji, narudi kwenye mstari wangu. Wawili kati ya waliocheka zaidi walishakuja kuagiza kofia ifikapo Julai. Mmoja aliagiza kwa kunong'ona.

Mwezi uliopita nilivuta tena kile kikapu. Mkono uliotobolewa na nondo nimeufumua, na umetoka vipande ishirini na sita, kingine kirefu kama chumba, kingine hakifiki dhiraa. Kuvifunga mafundo sikutaka, fundo kwenye sweta utalisikia kwenye ngozi kila ukikunja kiwiko. Kwa sufu kuna njia nyingine: unafumbua ncha mbili, unazilaza pamoja, unazitia mate, unazisugua kati ya viganja kwa nguvu mpaka upate joto. Yale magamba yaliyoila kofia ya mpwa wangu ndiyo yanayounganisha uzi, na kiungo hakionekani. Akriliki haifanyi hivyo hata uisugue mpaka kesho. Nilifanya viungo vyote ishirini na vitano barazani jioni moja, na jirani aliyepita alisimama, akatazama ninavyotemea viganja na kusugua, akaniuliza kama naumwa.

Uzi huo umefuliwa juzi. Uko kwenye mgongo wa kiti cha mezani, umefungwa sehemu nne, chupa ya maji inaning'inia chini, na hizi mvua zimeufanya ukawie kukauka. Mke wangu ameshauliza mara mbili kiti hicho kitakaliwa lini.