Nimeapa Mara Tatu Kuacha Mnazi

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mvuvi hapa Malindi, nina mke na watoto wanne. Mara tatu nimesimama kanisani nikaapa kuacha pombe ya mnazi, na mara zote tatu nimerudi mangweni kunywa kabla mwezi haujaisha. Wazee hunihimiza nitegemee nguvu za Mungu, si zangu. Ninaomba, lakini jioni nikitoka pwani miguu hunipeleka kule kule. Je, nikae tu nimngojee Mungu?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na anayeonekana humo ni mtu anayempenda Mungu lakini amechoka, kwa sababu kila aapapo hujitwisha mzigo wa mwaka mzima peke yake.

Petro, mvuvi mwenzako, aliapa kwamba hata wote wakimwacha Bwana yeye hatamwacha, na sina shaka alimaanisha. Hata hivyo, usiku ule ule, akiota moto wa makaa uani, alimkana mara tatu. Baadaye Bwana alimfuata pwani, Petro na wenzake wakiwa wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Palikuwa na moto wa makaa tena, samaki juu yake, na mkate. Akamwuliza mara tatu kama anampenda, wala hakumdai kiapo kingine. Na Petro, ambaye hapo kwanza alijisifia uthabiti wake, safari hii alisema tu, "Bwana, wewe wajua yote." Huko ndiko kutegemea ninakokuelewa mimi: kuacha kujidhamini mwenyewe mbele za Mungu.

Pengine unatarajia kupewa nguvu nyingi siku moja, uziweke akiba, usihitaji kuomba tena. Lakini mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani siku kwa siku, ikilazwa hadi asubuhi iliingia mabuu. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Kwa hiyo usiombee mwaka. Mwombe Bwana akuvushe jioni ya leo, na uombe ungali pwani, nyavu zikiwa bado mkononi, kabla hujauona mrija na kibuyu, kwa maana ukishaketi pale umechelewa.

Kungoja bila kutenda sikushauri hata kidogo. Mikono ambayo Musa aliiinua ili Israeli washinde vitani ilipolegea, Haruni na Huri waliishika, huyu upande huu na huyu upande huu, na hakuna aliyemwambia kwamba amepungukiwa na imani. Tafuta ndugu wawili wa kanisani wakungoje pwani kila jioni, mrudi nyumbani kwa njia nyingine, na pesa za samaki azishike mama watoto. Jambo jingine, nami nalisisitiza: ikiwa umekunywa sana kwa miaka mingi, kisha ukiacha ghafla mwili unatetemeka au unaona visivyokuwapo, nenda hospitali mara moja, kwani hali hiyo inaweza kuua, na daktari pia ni mkono wa Mungu.

Ukianguka tena, usijifiche mpaka Jumapili uje kula kiapo cha nne. Mwamshe mmoja wa ndugu hao usiku huo huo, mwombe pamoja, na kesho yake jioni akungoje pwani kama kawaida.