Damu niliyotoa Chicago na simu niliyopiga Muheza

Wiki hii ndugu wawili wameniuliza jambo lile lile. Mmoja yuko Ohio, mwingine Dar es Salaam, na kila mmoja ameombwa kutoa sampuli kwa ajili ya utafiti mkubwa wa vinasaba, yaani DNA. Atoe au asitoe? Nimewajibu kwa simu mpaka chaji ikaisha, sasa naona heri niandike wengine nao wasome.

Jibu langu ni watoe. Ila yapo mambo ya kuuliza na kupanga kabla sindano haijagusa mkono, na moja kati ya hayo mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Mimi ni mtoto wa Muheza. Wa rika langu wanazikumbuka habari za mumiani: gari geni likisimama njiani jioni, watoto tunaitwa ndani mbio, eti kuna watu wanakamata wenzao na kuwanyonya damu wakaiuze. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba nimekwenda Chicago kutoa damu kwa watafiti, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Umempa nani, baba, na anaipeleka wapi?" Nikamtuliza haraka haraka, nikabadilisha mazungumzo. Leo naona swali lile la mama ndilo la kwanza ambalo kila mtu anatakiwa kuliuliza, na asikubali kunyanyuka kwenye kiti mpaka apate jibu.

Mimi jibu nililipata. Mradi wenyewe unaitwa All of Us, ni wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na ulifunguliwa kwa nchi nzima Mei 2018 ukiwa na lengo la kufikia watu milioni moja au zaidi. Siku ile walinipima presha, urefu, uzito na kiuno. Dada aliyenitoa damu alikuwa na mirija yenye vifuniko vya rangi mbalimbali, na kila mmoja ukijaa aliupindua taratibu juu chini, juu chini, kama mtu anayebembeleza kitu, halafu akaubandika karatasi yenye mistari na namba. Jina langu halikuwepo kwenye mirija. Nilimuuliza inakwenda wapi, akanijibu bila kusita: Rochester, Minnesota, kwenye hifadhi iliyoko hospitali ya Mayo Clinic. Nikapewa kadi ya dola 25 nikaondoka.

Kabla ya hapo kulikuwa na fomu ya ridhaa, na hapa nawaomba ndugu zangu tuliohamia huku msifanye haraka. Ilikuwepo ya Kiingereza na ya Kihispania. Ya Kiswahili haikuwepo. Miaka ya nyuma niliwahi kusaini fomu ya utafiti mwingine, kwenye kliniki moja, nimesimama koridoni, muuguzi akinionyesha kwa kidole pa kuweka sahihi. Mpaka leo sijui damu ile ilitafutiwa nini, na hakuna aliyenirudishia neno. Safari hii niliisoma fomu nyumbani siku tatu, binti yangu mkubwa akinisaidia maneno magumu. Nilitafuta haya: nani ataruhusiwa kutumia taarifa zangu, kama rekodi zangu za hospitali zitaunganishwa na vinasaba (zinaunganishwa, ukikubali), kama nitapewa majibu, na nikibadili mawazo nini kitatokea. Hili la mwisho lisome mara mbili. Kwenye mradi huu unaweza kujitoa wakati wowote, na sampuli iliyobaki inaharibiwa. Lakini taarifa zilizokwisha kutumika kwenye utafiti hazirudi tena. Kama hilo linakunyima usingizi, usisaini.

Sasa nieleze kwa nini bado nasema watoe.

Majibu yalichukua muda mrefu kuja. Kuna ya asili yako, kuna ya hatari za magonjwa ya kurithi, na kuna ya namna mwili wako unavyopokea baadhi ya dawa, na kila moja unaulizwa kivyake kama unataka kuliona. Hili la dawa ndilo lililonishtua. Liliniambia nina upungufu wa G6PD, kimeng'enya, yaani protini ya mwilini, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mtu mwenye upungufu huu anaweza kukaa miaka na miaka bila kujua, mpaka siku apewe dawa isiyomfaa, chembe zake zikapasuka, macho yakawa manjano na mkojo ukatoka mweusi. Nikiwa na miaka kama saba iliwahi kunitokea. Nilikunywa vidonge vya homa, baada ya siku mbili mkojo wangu ukawa rangi ya chai iliyokolea. Bibi alisema nimetupiwa jicho. Nilipomsimulia daktari wangu alisema inawezekana kabisa ilikuwa ni hii.

Upungufu huu umeenea sana kule ambako malaria imekaa vizazi na vizazi, kwa sababu unampa mtu kinga kidogo dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana sisi wa pwani hatuna haja ya kushangaa ukipatikana kwenye ukoo. Inayotakiwa ni kuujua. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyojaribiwa nchi kadhaa za Afrika na hata Muheza kwetu, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu dapsoni iliyomo ilikuwa ikiwamaliza damu wagonjwa wenye upungufu huu.

Halafu likaja la sukari. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipimwa HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, naambiwa niko salama. Daktari alipoiona karatasi ya G6PD alikunja uso. Kipimo kile kinahesabu sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu, na kwa mtu kama mimi chembe zinakufa mapema, hazipati muda wa kukusanya sukari, kwa hiyo namba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Akanipima sukari ya kufunga, yaani kabla sijala kitu. Ilikuwa imeshapanda. Jambo hili lilifahamika vizuri kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya vinasaba vya watu karibu 160,000 kutoka tafiti nyingi. Wamarekani weusi katika umati ule hawakufika 8,000, lakini ni damu yao iliyoifichua tofauti hii ya G6PD. Hao wachache wasingekubali kutoa, mimi ningeendelea kuambiwa niko salama. Sina hoja nyingine kubwa kuliko hiyo.

Lakini maarifa ya G6PD yana historia inayoniuma. Miaka minne nilifanya kazi kwenye maghala ya Joliet, Illinois, na kila siku nilipita karibu na gereza la Stateville. Sikujua chochote. Kumbe kuanzia miaka ya 1940 wafungwa wa humo walikuwa wakiambukizwa malaria na kupewa dawa za majaribio, na ni kwa kuwaangalia wafungwa weusi walioishiwa damu baada ya kumeza primakwini, dawa ya malaria, ndipo wanasayansi walipoutambua upungufu huu, mwaka 1956. Waliitwa watu wa kujitolea. Mfungwa anajitolea vipi? Nikiikumbuka ile barabara nawaombea. Na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema fomu ya ridhaa ni karatasi tu.

Kabla hujafungua majibu, kama unaishi Marekani, malizana kwanza na bima ya maisha. Sheria ya mwaka 2008 iitwayo GINA inazuia kampuni za bima ya afya, na waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi, kukubagua kwa sababu ya vinasaba. Haigusi bima ya maisha, bima ya ulemavu, wala ya matunzo ya uzeeni. Wengi wetu tumekata bima ya maisha ili tukifa huku mwili urudi nyumbani na watoto wasihangaike, kwa hiyo hili si dogo.

Na tafadhali usichanganye utafiti wa afya na vile vikopo vya mate vinavyouzwa mtandaoni vya kukuambia asili yako. 23andMe, kampuni moja ya vikopo hivyo, walivamiwa na wadukuzi mwaka 2023, taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikaguswa, na Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Vinasaba vya watu vikawa sehemu ya mali ya kuuzwa.

Wewe uliyeko Dar, sheria unazo. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muulize mtafiti akuonyeshe kibali cha maadili, na umuulize kama sampuli inabaki nchini au inasafirishwa, na kwa mkataba gani. Akikasirika, ondoka.

Sasa lile nililochelewa kulijua. Jeni ya G6PD, yaani kinasaba chake, iko kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Mwanaume ana X moja tu, anaipata kwa mama yake, naye humpa kila binti anayemzaa. Maana yake karatasi yangu ilikuwa imemsema mama yangu, ikawasema binti zangu wawili, maana wote wanaibeba hata bila kupimwa, na ikamtilia shaka dada yangu na mwanawe. Niliweka sahihi moja, nikawa nimefungua habari za watu ambao hakuna aliyewauliza. Nilipompigia dada nikamweleza kila kitu, kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaka, mbona hukuniuliza kwanza kama nataka kujua?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwa hiyo nakwambia: kaa na ndugu zako kabla. Waulize, likipatikana la kurithi, nani anataka kuambiwa na nani hataki, na kwa watoto nani ataamua. Mradi wangu ulikuwa na mshauri wa vinasaba wa kumpigia simu bila malipo; wako ukiwa naye, mtumie. Lakini hawezi kuongea na mama yako badala yako.

Ilipita miezi miwili dada hajataja tena habari ile. Siku moja akanitumia picha ya kadi ya kliniki ya mwanawe. Alikuwa amempeleka Tanga mjini kumpima. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, daktari ameandika "G6PD pungufu", na chini yake dada ameongeza kwa mkono wake dawa za kuepuka, dapsoni ya kwanza. Mwishoni ameandika pia nafthalini, vile vidonge vyeupe tunavyoweka kwenye makabati ya nguo, maana navyo vinaweza kupasua chembe za damu za mtu wa namna hii. Aliniambia alikuwa ameshavitoa vyote, na kanga zote za mama alizifua upya na kuzianika juani siku nzima.