Jibu la msomaji: Kuku wa marakaraka ana rangi gani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: marakaraka ni rangi gani, na neno hili hutumiwaje? Kwa maoni yangu, neno hili halitaji rangi yoyote. Linaeleza jinsi rangi zilivyochanganyika kwenye kitu kimoja. Mbuzi mweusi mwenye weupe huku na huku ni wa marakaraka, na wa kahawia aliyenyunyiziwa weusi na weupe naye ni wa marakaraka.

Lina undugu na kiraka. Kiraka kikubwa ni raka. Likirudiwarudiwa, unapata viraka vilivyotapakaa. Ndivyo ilivyo pia kwa madoa na madoadoa, mabaka na mabakabaka.

Mtazameni kuku wa kienyeji wa marakaraka kwa karibu. Shingoni ana wekundu wa kutu, mgongoni manyoya ni meusi yenye ncha nyeupe, na kifuani unyoya mmoja waweza kubeba rangi zote tatu. Huyo utamwita mweusi au mweupe? Kanga ni wa madoadoa, maana vitone vyake vyeupe vinaonekana kimoja kimoja juu ya weusi. Twiga ana mabaka, punda milia ana milia yake.

Kwa mfugaji, kuyatofautisha maneno haya ni kulinda mali. Mnyama akipotea, hutafutwa kwa kutajwa alama zake. Hata katika Biblia ya Kiswahili, Mwanzo sura ya 30, Yakobo anapatana na Labani kwamba ujira wake uwe wanyama wenye marakaraka na madoadoa. Mapatano yote yalisimama juu ya ngozi za mifugo! Baadaye wanazaliwa wenye milia, marakaraka na madoadoa, kila neno na mahali pake.

Linaloniuma ni kuona "rangi mbalimbali" ikimeza yote hayo. Kalamu kumi na mbili kwenye pakiti, kila moja na rangi yake, hizo ni za rangi mbalimbali. Jogoo mmoja aliyechanganya rangi ni wa marakaraka, na mwanafunzi akiandika hivyo kwenye insha anastahili alama zake. Aandike "jogoo wa marakaraka" au "jogoo mwenye marakaraka", yote ni sahihi. Akitaka kutaja alama moja tu mwilini, aseme doa likiwa dogo, au baka likiwa kubwa.