Maswali na Majibu: Taka za kiwanda zinaanzia kwenye mashine

Barua za safari hii nyingi zimetoka hapa Nairobi, Eneo la Viwanda, Baba Dogo na Mukuru, na karibu kila anayeandika anauliza ampe nani taka zake. Ni swali la haki, ila kwangu mimi huwa ni la pili; la kwanza ni kwa nini taka zinatoka. Majina nimeyaondoa.

*Tunatengeneza ndoo na beseni za plastiki. Kila wiki tunajaza lori zima la mabaki. Tajiri ameniambia nitafute kampuni ya kurejeleza. Nianzie wapi? (Meneja wa uzalishaji, Baba Dogo)*

Anzia ndani, ndugu meneja. Mtu wa kurejeleza atakupa bei ya chakavu kwa kitu ulichokinunua kwa bei ya malighafi, ukakitia umeme, ukakilipia kibarua, kisha kikaishia guniani. Akichukua kingi umepoteza kingi, hata kama kila Ijumaa anakuachia noti mkononi.

Nunua mizani. Kila mashine iwe na gunia lake, na kila zamu ikiisha mpime na kuandika: kilo ngapi, mashine gani, rangi gani, sababu gani. Fanyeni hivyo mwezi mzima kabla ya kubadilisha chochote. Nadhani utagundua kwamba sehemu kubwa ya mabaki haitokani na ndoo mbovu, inatokana na kubadilisha rangi. Plastiki ya rangi iliyotangulia lazima isukumwe yote itoke mtamboni mpaka rangi mpya ije safi, na ukitoka nyeusi kwenda nyeupe utasukuma mpaka uchoke. Basi panga kazi ianze na nyeupe, iende manjano, nyekundu, buluu, imalizikie nyeusi. Hapo huhitaji mtambo mpya. Unahitaji mtu wa mauzo akubali kwamba oda ya ndoo nyeusi itangoja Alhamisi, na huo ndio ugomvi wenyewe.

Vipande safi visageni papo hapo, mvirudishe kidogo kidogo pamoja na malighafi mpya. Msizidishe, kwa sababu plastiki kila inapoyeyushwa hupoteza nguvu, na mteja atakuja na ndoo iliyopasuka. Polipropilini na polithini, ambazo ni aina mbili za plastiki, zikae magunia tofauti. Kwa macho zinafanana, lakini zikiyeyuka pamoja hazishikani vizuri. Zile mnazofagia sakafuni msizirudishe kamwe, mchanga utakwaruza kalibu inayoipa ndoo umbo, na kalibu moja ni ghali kuliko mabaki ya mwezi.

Chukulia mnatumia tani 20 kwa mwezi na katika kila kilo 100 zinapotea 6. Hizo ni kilo 1,200. Mkishusha hadi 3, mna kilo 600 za malighafi kila mwezi bila kutafuta mteja mpya. Kitakachobaki hapo ndicho cha kumwitia mtu wa kurejeleza, na kwa kuwa kimeshatenganishwa, atakulipa vizuri zaidi.

*Jirani yetu hufanya kazi kiwandani na hutuletea mapipa ya buluu kwa bei nafuu. Nikiliosha kwa sabuni na maji moto, naweza kuweka maji ya kunywa? (Mama wa watoto watatu, Mukuru kwa Njenga)*

Hapana, mama. Isipokuwa lebo ya kwanza bado imo na inasema lilibeba chakula: mafuta ya kupikia, sharubati, glukosi. Kama lebo imebanduliwa, hesabu kwamba lilikuwa na sumu. Plastiki hizo hunyonya viyeyusho na dawa ndani ya kuta zake, na baadaye huziachia polepole kwenye maji. Sabuni inaondoa kilicho juu tu. Najua maji Mukuru yanakuja kwa mgao na lazima uwe na pa kuyaweka, ila afadhali mitungi midogo ya mafuta ya kupikia kuliko pipa moja usilojua lilitoka wapi.

Na wenye viwanda mnaosoma hapa: hayo mapipa yanatoka kwenu. Mrudishieni aliyewauzia kemikali, au myatoboe kabla hayajatoka getini. Ya chuma yana hatari yake nyingine. Fundi wa Kamukunji akilipitishia gesi au grainda pipa lililokuwa na tina ya kuyeyushia rangi au spiriti, mvuke uliobaki ndani unalipuka.

*Maji machafu ya kiwanda chetu cha vyakula yanashindwa vipimo. Mkubwa wangu anasema tuongeze maji safi kabla ya mfereji wa kutokea ili namba zishuke. Ni sawa? (Fundi wa maabara, Barabara ya Enterprise)*

Namba zitashuka, uchafu utabaki kilo zile zile. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yanayotoka kwenda kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani oksijeni ambayo vijidudu vitatumia kuozesha uchafu uliomo. Kama yenu ni 300, kila lita moja itahitaji lita tisa safi. Jijini Nairobi! Mwambie mkubwa wako akupigie hesabu ya bili ya maji, au ya maboza, halafu mzungumze tena.

Chunguza uchafu unaingia wapi. Kwenye viwanda vya vyakula mara nyingi mkosaji ni bomba la kuoshea sakafu. Nyanya, unga au maziwa yaliyomwagika yanasukumwa na maji hadi kwenye mfereji kwa sababu ndiyo njia ya haraka kabla ya zamu kwisha. Kilichomwagika kikikusanywa kwa koleo na kifagio kwanza, kikaenda kwenye pipa la mifugo, maji ya kuoshea baadaye yanakuwa machache na mepesi. Wekeni wavu kwenye kila tundu la sakafu. Maji ya suuza ya mwisho, ambayo huwa karibu safi, yahifadhiwe kwa suuza ya kwanza ya kesho, mradi tu yasiguse chakula chenyewe. Mkishapunguza hivyo, huenda mtambo wenu wa kusafisha ukatosha kama ulivyo.

Mto Ngong unapita nyuma ya viwanda vyenu, unaingia Mukuru, unaungana na Mto Nairobi, kisha Athi. Huko chini watu wa Malindi wanauita Sabaki, na wao pia wanaukuta na vilivyomo.

*Tulilipa mwenye lori achukue taka, akazimwaga kando ya mto. NEMA, mamlaka ya mazingira, imetuandikia sisi. Kosa letu ni lipi? (Afisa wa utawala, Barabara ya Mombasa)*

Kosa ni kudhani kwamba taka hukoma kuwa zenu lori likitoka getini. Chini ya sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni za usimamizi wa taka, anayebeba lazima awe na leseni, gari lenyewe liwe na kibali, na mzigo uende mahali palipoidhinishwa, ukiwa na fomu ya ufuatiliaji inayotiwa sahihi na wewe, dereva na anayepokea. Nakala ya mpokeaji isiporudi kwako, hujui chochote. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 imeongeza sharti la kutenganisha taka zinazooza na zisizooza tangu zinapotoka.

Kwa hiyo dai nakala ya leseni, linganisha nambari za gari na zile zilizo kwenye leseni, na usilipe malipo ya mwisho kabla fomu haijarudi. Mara moja moja mtume mtu kwa bodaboda alifuate lori bila kumwambia dereva. Bei ya chini kuliko wote ina sababu: safari ya kwenda jaa la Dandora ni mafuta na foleni, na mtoni ni bure. Hata Dandora yenyewe, iliyofunguliwa 1975, ilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanapanga foleni. Usiijenge biashara yako juu ya jaa hilo.

*Nina kiwanda kidogo cha juisi, Ruaraka. Maganda na machujo yanaoza kabla sijapata wa kuyachukua. (Mwenye kiwanda)*

Wafugaji wa Kiambu wamezoea kununua machicha ya kiwanda cha pombe, na wa nguruwe watachukua machujo yako pia, lakini wanataka ratiba. Kubalianeni siku na saa, si “tutapigiana simu”. Yakishakaa na kuota ukungu, usimpe mfugaji hata bure, kwa sababu sumukuvu ikiingia kwa ng’ombe inatokea kwenye maziwa. Kwa mzigo usiotabirika, watu wanaofuga funza wa nzi askari weusi (black soldier fly) ndio wanaofaa: funza wanakula karibu kila kinachooza, baada ya wiki mbili hivi ni chakula cha kuku na samaki, na mabaki yao ni mbolea. Wafugaji hao wanauliza jambo moja tu: kuna plastiki ndani? Vifuniko na mirija itoe mapema.

*Kuna mtu hununua oili chafu na betri kuukuu za forklifti. Anasema oili ni ya kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. (Fundi wa karakana, Lunga Lunga)*

Usimuuzie. Oili iliyotumika ina metali na masizi, na nguzo iliyopakwa inaachia hayo yote mvua ikinyesha. Iweke kwenye pipa lake bila kuichanganya na tina wala maji ya redieta, maana ikichanganywa hata mwenye leseni ya kuisafisha ataikataa.

Betri ni mbaya zaidi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi. Mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Rudisha betri kwa aliyekuuzia mpya.

*Mimi ni kibarua. Mabaki ya chuma huwa tunauza na kugawana hela ya chai. Sasa bosi anataka tupunguze taka. Kwa nini nimsaidie kuninyima chai? (Kariobangi Light Industries)*

Asante kwa kusema kile ambacho mameneja wengi hawakijui. Pale ambapo wafanyakazi wanafaidika na chakavu, mashine itatoa chakavu, na hakuna bango ukutani litakalobadilisha hilo. Bosi akitaka kilo zipungue, awagawie sehemu ya pesa ya malighafi iliyookolewa, tena iwe zaidi ya ile mliyopata kwa broka. Ataimudu, kwa sababu kilo ya bati jipya inamgharimu kuliko mnavyolipwa kwa kilo ya vipande.

Wewe nenda naye ukiwa na karatasi: wiki hii kilo ngapi, zimetoka kwenye kazi gani, na wapi vipimo vya kukata vingepangwa upya kwenye bati ili vipande vipungue. Nyinyi mnaokata ndio mnaojua hapo. Usiende peke yako, nendeni watatu au wanne, na makubaliano yaandikwe kabla gunia la kwanza halijapungua uzito. Tena, mnapouza chakavu hakikisheni mnunuzi ana leseni, maana sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inaidai, na baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa. Asiye na karatasi akikamatwa na vipande vyenu, polisi watakuja kuuliza kwenu kwanza.