Jina moja, upatanisho mbalimbali

SWALI: Huwatembeza wageni huku Gede, Malindi. Juzi mgeni Mwingereza, alipoona vipepeo wetu, alitaja wa kwao waitwao fritillary, akaongeza kuwa kuna na ua la machipuko lenye jina hilohilo. Je, Kiswahili kinakubali jina moja kubebwa na viwili? Na hilo nilitafsirije?

JIBU: Kinakubali, tena kipepeo mwenyewe ni shahidi. Yuko mdudu, na kiko kile cha ukindu tunachopepelea moto wa mkaa. Kinachowatenga ni upatanisho. Mdudu ana uhai, basi ijapokuwa jina lake lina umbo la KI-VI, hufuata A-WA: kipepeo huyu ametua. Cha jikoni: kipepeo hiki kimekatika. Mimi nikisoma "vipepeo hivi vinaruka" huona zana za jikoni zikipaa.

Kanga naye vivyo hivyo. Kanga huyu amelowa, amekimbilia kichakani. Kanga hii imelowa, ianike. Husemwa kwamba nguo ilipewa jina la ndege kwa sababu ya madoa yake. Lamu hawana shida hiyo: nguo wanaiita leso, neno la Kireno, kanga akabaki ndege.

Sasa hilo la mgeni wako. Chimbuko lake ni Kilatini, fritillus, kikopo cha kutikisia dadu. Ua lenyewe huchanua Ulaya mwezi Aprili na Mei, limeinamisha kichwa, zambarau yenye mirabaraba kama ubao wa drafti. Wataalamu huliita Fritillaria meleagris. Hapo ndipo pananifurahisha, maana meleagris ni kanga: yule ndege wetu wa porini kwao ni Numida meleagris. Kwa hiyo ukiliita ua-kanga, hilo si jina la kubuni ovyo. Jina la kitaalamu limekwisha kukutangulia.

Kipepeo ni mambo mengine. Aina nyingi za fritillary zina rangi ya chungwa na madoa meusi, na manyoya ya kanga hayana chungwa hata chembe. Kumwita kipepeo-kanga ili tu jina lilingane na la Kiingereza ni kumpotosha msikilizaji. Ningesema kipepeo-chui, nikamweleza mgeni kwamba sisi tumewagawia majina mawili.

Upatanisho ufuate neno la kwanza: ua-kanga hili limechanua, maua-kanga haya yamechanua, vipepeo-chui hawa wametua.