Kabla ya Kwenda Salem, Jiulize Unafuata Nini

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Dallas, ambaye husoma makala zangu tangu nilipoandika kuhusu mtihani wa leseni ya udereva. Aliandika: "Assalaam alaykum kaka. Nina siku mbili tu za mapumziko mwezi wa Oktoba, nataka kumpeleka mama Boston na Salem akaone historia. Nianzie wapi?" Nilimjibu siku ileile kwa maneno mawili: badilisha mwezi. Baadaye nikaona si uungwana kumwachia mtu jibu fupi kiasi hicho, hasa kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kwenda Salem mwezi huohuo, nikarudi Columbus na deni kwenye kadi ya benki, watoto wenye mafua, na kinyongo ambacho, nakiri, hakijaisha.

Salem ni mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mwa Boston, wenye wakazi wapatao 44,000, na umekuwapo tangu mwaka 1626. Wageni wengi huujua kwa jambo moja tu, nalo ni kesi za uchawi za mwaka 1692, na ndiyo sababu kila Oktoba, Halloween, ile sikukuu ya kuvaa vinyago, inapokaribia, watu humiminika huko kwa wingi ambao mitaa yake myembamba haikujengwa kuubeba. Mimi sikuvutwa na uchawi, nilivutwa na kitambaa. Bibi yangu alikuwa mshonaji, nyumbani kwake Ng'ambo, Unguja, na kila kitambaa kizito cha pamba ambacho hakijapaushwa wala kutiwa rangi alikiita merikani. Nilikisikia kila siku utotoni bila kujiuliza jina limetoka wapi, mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikiishi katika nchi yenyewe iliyokipa jina.

Jibu lake lilinipeleka Salem. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kuja kukaa Unguja, Richard Waters, aliyewasili mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Meli za mji huo zilileta majora ya kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, ile gundi ya mti inayofukuliwa ardhini, ambayo ilisafishwa Salem kisha ikatengenezewa vanishi. Merikani ikawa fedha ya misafara ya bara, na msafiri aliyekwenda Ujiji bila majora yake alikuwa kama mtu aliyekwenda sokoni mikono mitupu. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na kitambaa kikaja kulipia bidhaa ambazo kwetu pia mara nyingi zilibebwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokata pamba hiyo, vitambaa vya India vilichukua nafasi, lakini jina lilikuwa limeshakaa midomoni.

Kwa hiyo mtu anapokwenda Salem na jambo kama hilo moyoni, hapaswi kupanga safari kiholela. Mimi niliipanga kiholela. Binamu yangu anayeishi karibu na Boston alituambia tusihangaike na hoteli wala gari. "Njooni tu," alisema, "nyumba ni yenu, na Salem nitawapeleka mwenyewe." Tulinunua tiketi nne za ndege, tukafunga zawadi za watoto wake, tukatua Ijumaa jioni, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulikaa uwanja wa ndege kwa muda wa saa tatu, watoto wakilala juu ya mabegi, kabla ya kupata ujumbe wa mstari mmoja kwamba amepata dharura kazini na kwamba tutafute hoteli kwa usiku huo. Usiku huo uligeuka kuwa siku zote tulizokuwa huko. Nilikuwa sijui kwamba Oktoba vyumba vya eneo lile huisha miezi kabla, na vinavyobaki huuzwa kwa bei ambayo mtu hulipa huku akiangalia pembeni. Hoteli tuliyopata ilikuwa mbali na bahari, mbali na treni, na ilitulazimu kukodi gari.

Kuhusu Jumamosi yenyewe nitasema kwa ufupi, kwa sababu hakuna la kusimulia. Tulizunguka kutafuta maegesho kwa zaidi ya saa moja, tukaliacha gari mbali, tukaingia katika umati wa watu waliovaa vinyago, mtoto mdogo akalia tangu tulipofika hadi tulipoondoka, na foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko foleni yoyote niliyowahi kupanga hapa Marekani. Gati ya zamani ya meli sikuiona. Makumbusho ya mji sikuyaona. Nilipiga picha moja ya mgongo wa mtu aliyevaa kama mzimu, nayo sikuikusudia.

Nilikaa mwaka mmoja na nusu kabla ya kujaribu tena, na safari hii sikumwambia mtu. Tulikwenda mwezi wa Mei, mimi na mke wangu, watoto tukawaacha kwa shangazi yao. Chumba nilikikata miezi miwili kabla, hatua chache kutoka North Station, ile stesheni ya Boston ambayo treni za kwenda Salem huondokea. Hapa ndipo penye siri yote ya safari fupi: lala palipo na treni, si palipo na vivutio. Kutoka North Station hadi Salem ni kama nusu saa, na tiketi ya mwisho wa juma, tuliyoinunua kwa dola 10 kila mmoja, ilituruhusu kupanda treni hizo bila kikomo Jumamosi na Jumapili. Majira ya joto ipo pia boti inayotoka Boston, huchukua kama saa moja, lakini angalia kwanza kama imeanza kazi, kwani haisafiri mwaka mzima. Treni za mwisho wa juma hupishana kwa muda mrefu, basi andika saa ya kurudi kabla hujaondoka. Gari halihitajiki. Narudia, gari halihitajiki, kwa sababu kila kitu cha maana kiko katika umbali wa kutembea.

Tulifika saa nne asubuhi, tukaanza na Peabody Essex Museum, ambayo haifunguliwi kila siku ya juma, kwa hiyo ratiba yake ndiyo iamue siku utakayokwenda. Asili ya makumbusho hayo ni chama kilichoundwa mwaka 1799 na mabaharia wa Salem, na hakikumpokea mtu ila awe amesafiri kama nahodha au msimamizi wa shehena kupita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Wanachama walileta vitu kutoka kila bandari waliyotia nanga, na ukumbi wao wa mwaka 1825 bado umesimama ndani ya jengo la leo. Nilikaa humo kwa saa mbili. Sitaeleza niliyoyaona moja baada ya jingine, kwa kuwa maonyesho hubadilishwa, lakini nitasema kwamba kwa mara ya kwanza katika nchi hii sikujiona mgeni wa historia ya mtu mwingine, kwani watu hawa walikuwa wamekunywa kahawa barazani kwetu kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Nilikuwa nimepanga kwamba baada ya hapo tuelekee baharini moja kwa moja. Mke wangu ndiye aliyesimama njiani, kando ya makaburi ya zamani ya mtaa wa Charter, akasoma kibao. Kuna bustani ndogo pale, iliyofunguliwa mwaka 1992, kumbukumbu ya watu 20 waliouawa katika kesi za uchawi: 19 walinyongwa, na mmoja, mzee Giles Corey, aligandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka. (Hakuna aliyechomwa moto Salem, ingawa wengi hudhani hivyo, na utawasikia waongozaji wa watalii wakiwasahihisha kila siku.) Kila mmoja ana benchi lake la jiwe lililochomoza ukutani, lenye jina, namna alivyouawa na tarehe. Kwenye kizingiti yamechongwa maneno ya washtakiwa wakilia kwamba hawana hatia, na ukuta unayakata katikati ya sentensi.

Mke wangu ni mtu wa Shinyanga. Shangazi ya mama yake alihamishwa kijijini usiku, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi, na vijana walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Vikongwe wengine wa huko hawakubahatika kuhamishwa. Alikaa mbele ya benchi la Bridget Bishop, wa kwanza kunyongwa, tarehe 10 Juni 1692, kwa muda ambao mimi, kwa aibu yangu, nilikuwa nikiutazama kwenye saa. Kisha nikairudisha saa mfukoni. Dada wa Dallas, usiijaze siku yako mpaka mtu uliyefuatana naye akose pa kusimama. Mimi nilikwenda na hoja yangu ya kitambaa nikidhani ndiyo pekee iliyokuwa imepanda treni.

Mahali pengine tulipita haraka. Mbele ya jumba moja la maonyesho ya wachawi kuna sanamu ya mtu mwenye kofia pana na joho refu, na kila mgeni hupiga naye picha akidhani ni mchawi, kumbe ni Roger Conant, mwanzilishi wa mji. Maduka ya mishumaa na kadi za kupigia ramli ni mengi kupita kiasi. Supu ya kombe ni nzuri, ila uliza kwanza kama wameweka nyama ya nguruwe, kwani mara nyingi huweka.

Gati tuliifikia saa tisa alasiri. Inaitwa Derby Wharf, na imeingia baharini karibu nusu maili, ikiishia kwenye mnara mdogo wa taa wa mwaka 1871. Zamani ilijaa maghala, leo ni majani na njia ya changarawe. Mkabala nayo, upande wa nchi kavu, iko nyumba ya forodha ya matofali mekundu iliyojengwa mwaka 1819, ambako shehena zilipimwa na kulipiwa ushuru. Mtu wa Unguja hahitaji kufafanuliwa: ni Forodhani yao, isipokuwa hakuna pweza wa kuchoma. Vaeni koti hata mwezi wa Mei, upepo wa pale hauna adabu. Nilitembea hadi mwisho wa gati, nikaigeukia bahari ambayo meli zilianzia safari ya miezi kadhaa hadi Unguja, nikamkumbuka bibi akipima jora kwa mkono, kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko, huku akimlalamikia muuzaji kwamba merikani ya siku hizi ni nyepesi.

Jumapili tuliitumia Boston. Fuata mstari mwekundu ulio ardhini, unaoitwa Freedom Trail, unaopita penye majengo ya historia ya mji, wenye urefu wa kilomita nne, na ukichoka achana nao ukwee mtaa wa Beacon Hill kuliona jengo la African Meeting House la mwaka 1806, lililokuwa kanisa, ambalo watu weusi wa Boston walilijenga wenyewe. Inatosha kwa siku moja. Wapo watakaokushauri uongeze miji mitatu mingine. Hao waache waende wao.

Ndugu zangu, tuna tabia ya kupanga safari juu ya ahadi ya mtu kwa sababu kulala hotelini wakati una ndugu mjini huonekana dharau. Mimi sasa naona dharau kubwa zaidi ni kuwalaza watoto juu ya mabegi. Lipa chumba chako, ununue tiketi yako, kisha umtembelee ndugu ukiwa na mahali pa kurudi. Na dada, ukiweza, mpeleke mama Mei au Juni, mkae karibu na North Station, Salem siku ya kwanza, Boston ya pili.

Jumapili ile jioni, tukiwa tumeshafika uwanja wa ndege, mke wangu aliweka picha ya gati kwenye kundi la familia. Dakika chache baadaye binamu aliniandikia: "Mmefika mpaka huku hamkusema? Nyumba ni yenu, mnajua." Ujumbe huo ninao mpaka leo, na bado sijaujibu.