Kumrudishia maji kidogo mtoto wa mbwa aliyetoka kwenye pavo (ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha sana)

Ndugu yangu wa Wete, uliyeuliza kama madafu yanatosha kumrudishia maji mtoto wa mbwa, kama kijibwa chako kina kilo 3 na kimeacha kutapika tangu jana, usikiwekee bakuli zima. Kitayafakamia maji, tumbo lijae ghafla, kitapike tena.

Koroga pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikipita siku moja, mwaga. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano: mililita 5 kila dakika 15, ukipenyeza pembeni mwa shavu, kichwa kikiwa sawa. Ukimiminia kooni, maji huingia mapafuni. Lenga mililita 300 kwa siku, na uongeze kufidia kinachotoka kwa kuharisha. Kikitapika, pumzika saa moja, uanze upya na mililita 2.

Madafu uliyouliza hayatoshi: yana potasiamu nyingi lakini chumvi ya sodiamu kidogo, nayo ndiyo inayopotea kwa kuharisha. Maziwa ya ng'ombe usithubutu.

Pima kwa fizi. Zikiwa na unyevu, vizuri. Zikinata, au ngozi ya mabegani ukiivuta inachelewa kurudi, au kinatapika kila unachokipa, kinahitaji dripu; mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, si kesho. Kikilegea na kutetemeka, kipake asali kidogo kwenye fizi mkiwa njiani.

Chakula: wali laini na samaki wa kuchemsha asiye na mwiba, kijiko kimoja kimoja, bila tui.